Kikombe cha Kushoto

Watu wa Tunduma wakikuambia kwamba Osward aliponywa na maombi, wasikilize kwa heshima, kisha uje kwangu unywe chai. Wakikuambia aliponywa na vidonge, wasikilize pia, chai ipo. Mimi ndiye niliyetunza kopo la vidonge, na kanisani siku ile nilikuwepo, kwa hiyo sihitaji kusimuliwa na mtu.

Niseme mapema kwamba mimi ni Mwislamu, mtu wa Kondoa. Jina langu Pili. Niliingia Tunduma na mume wangu Yahaya, enzi akiendesha lori la mafuta. Lori likafia hapa, nasi tukabaki. Kibanda changu cha chai na chapati kiko kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Madereva wa Zambia wananiita bamayo, yaani mama, wenyeji wananiita Mama Naila, na mgambo wananiita wanavyotaka, kutegemea kama wameshakula.

Osward alikuwa fundi springi, gereji yake inatazamana na kibanda changu. Fundi hodari, hilo hata adui yake atakubali. Lakini pombe ilikuwa imempata. Ilianza na bia za madereva wenye shukrani, zikafuata viroba, vile vipakiti vya pombe kali ambavyo duka la jirani yake lilivitundika mlangoni mtu asipate shida ya kuingia ndani, na mwisho ikawa kachasu, gongo ya kule ng'ambo, ambayo wanywaji wenyewe huinywa wamefumba macho. Asubuhi ungesikia spana yake inagongagonga chuma kabla hajaanza kazi. Ni mikono tu ilikuwa inatetemeka.

Kanisa lake likamtenga. Mimi ilibidi nieleweshwe jambo hili, kwa hiyo nami nakuelewesha. Kwao mtu aliyetengwa hafukuzwi. Anaingia ibadani, anaimba, anatoa sadaka, maana sadaka haitengwi. Ila siku ya Meza ya Bwana, wenzake wanapoinuka kwenda kupokea mkate na kikombe, yeye anabaki ameketi. Akitaka kurudi, anapiga magoti mbele ya kanisa zima, anatubu, anaombewa, kisha anapokea na wenzake. Bila kupokea, hajarudi. Osward aliishi hivyo miaka mingi wala haikumkosesha usingizi. Alisema benchi la nyuma lina upepo.

Kilichomkosesha usingizi ni Grace. Huyu ni binti yake wa pekee, mwalimu huko Mkwajuni, na mwaka ule, Tunduma ikiwa bado mkoa wa Mbeya, akachumbiwa na kijana wa Mbebe, kule milimani Ileje. Familia ya kanisa hilohilo, tena walioshika dini kwa mikono miwili. Wazee wa kanisa wakakaa kikao, wakasema utaratibu ni utaratibu: mzazi aliyetengwa hawezi kumshika binti mkono na kumkabidhi madhabahuni. Kazi hiyo angeifanya baba mkubwa, yaani Jairo, kaka yake Osward. Jairo alikuwa mzee wa kanisa, muuza mchele, mtu wa kutafuna karafuu kutwa nzima. Alisema ni kwa ajili ya meno. Aliposikia uamuzi wa kikao alisikitika sana mbele za watu, na siku iliyofuata akavuka Nakonde kununua suti.

Ilikuwa suti ya rangi ya krimu. Jairo akaipitisha mbele ya gereji mara mbili, ati anatafuta fundi wa kuipunguza mikono, wakati mafundi cherehani wote wako upande wa soko. Osward akavuka barabara akaja kukaa kwangu. Hakuagiza kitu.

"Mama Naila," akaniambia, "mtoto yule nilimbeba mgongoni kutoka Galula akiwa na homa, usafiri hakuna, mvua inanyesha. Leo mkono wake ashike Jairo?"

Nikamwambia basi aache pombe, ni hilo tu. Akalia. Nilimwonea huruma, na hasira ilinishika vilevile, maana kulikuwa na wateja na mwanaume mzima akilia chapati hazinunuliki. Lakini tangu siku ile nilijua mtu huyu anataka kweli.

Kutaka peke yake hakutoshi, kama hujui muulize anayefunga Ramadhani. Mke wake, Roda, akampeleka kwa Mchungaji Efraimu. Mimi nikamsukumia kwa Daktari Raphaeli wa zahanati ya karibu na stendi. Wote wawili walikuwa wateja wangu, na wote wawili walikuwa watu wazuri mpaka ukiwakalisha benchi moja.

Mchungaji aliwapanga akina mama wa maombi wakawa wanakwenda nyumbani kwa Osward kila jioni. Daktari naye alisema kuna kidonge. Mbeya mjini hakukipata, akamwagiza dereva mmoja akakileta kutoka Lusaka. Alinieleza kwamba kidonge hicho hakimzuii mtu kunywa, kinamzuia kufurahia. Akinywa juu yake, uso unawaka, moyo unakimbia, tumbo linarudisha kila kitu, na akinywa nyingi anaweza kufa. Kwa hiyo asiguse pombe ya aina yoyote, hata dawa ya kikohozi asome kwanza, hata manukato apunguze.

Siku moja wakakutana kwangu, chapati mikononi. Mchungaji akasema sayansi inalijua ini lakini moyo haiujui. Daktari akamjibu kwamba ini la Osward halijawahi kuomba ushauri wa moyo. Mchungaji akasema mtu hawezi kupanda pikipiki mbili kwa wakati mmoja: kama ni imani iwe imani, vidonge vitupwe. Akamfanya Roda aahidi, Biblia mkononi, kwamba vidonge vile havitaingia nyumbani kwake. Roda akaahidi.

Basi vikaingia kwangu. Nikavitia ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya rafu, nyuma ya sukari. Osward alikuwa anakuja alfajiri kabla ya kufungua gereji, nampa kimoja, anakimeza kwa chai ya maziwa, kisha anapanua mdomo nimwangalie chini ya ulimi, kama Daktari alivyoniagiza. Madereva waliolala foleni walinitazama sana. Mmoja wa Ndola akaja kuniuliza kama nang'oa na magego.

Na pombe aliiacha. Spana ikanyamaza. Uso ukarudi mahali pake, shati likaanza kumjaa. Mchungaji akamwinua ibadani atoe ushuhuda kwamba ameponywa kwa maombi matupu, naye akautoa, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Daktari naye akawa anawaleta matabibu wenzake kunywa chai kwangu, anawaonyesha gereji kwa kidole, anawaambia tazameni hiyo ndiyo sayansi. Kila mmoja alikuwa na Osward wake. Osward mwenyewe alikaa katikati, anapiga springi, anahesabu siku za harusi.

Jumapili moja kabla ya harusi ikapangwa iwe ya kumrudisha kundini. Aliniomba nihudhurie. Nikajitanda mtandio wangu mzuri, nikakaa benchi lake la nyuma, na kweli lina upepo. Jairo alikuwa mbele, pembeni ya Mchungaji, ameshika kitambaa cha kufutia kikombe. Alikuwa amevaa ile suti. Alisema anaizoesha.

Osward akapiga magoti, akatubu, akaombewa. Roda analia, Grace analia, na mimi mwanamke wa Kondoa nisiyehusika nalia. Kisha Meza ya Bwana. Mkate ukapita. Kikombe kikapita. Wenzake waligusisha midomo tu. Osward, sijui ni furaha, sijui ni mazoea ya miaka, alikivuta mpaka Mchungaji akalazimika kukirudisha kwa nguvu. Akarudi kukaa karibu yangu, anatabasamu.

Nyimbo mbili hazijaisha, nikaona shingo yake imekuwa nyekundu. Ikapanda masikioni, ikafika kipara. Jasho likaanza kumtiririka, anahema kama ameisukuma trela peke yake. Jairo akaona huko mbele, akaja kwa mwendo wa heshima, akainama kumnong'oneza ndugu yake aketi vizuri. Hapo ndipo tumbo la Osward liliporudisha kila kitu, na chote kikaishia kwenye suti.

Kanisa likagawanyika palepale. Akina mama wa maombi walisema ni pepo la pombe linatoka, wakamzunguka, wakaanza kukemea. Vijana wa kwaya walisema pepo gani, huyu kaja na kiroba mfukoni. Jairo, huku matapishi yakimdondoka kwenye kola, akapaza sauti kuliko wote: imeandikwa kwamba anayekula na kunywa isivyostahili anajilia hukumu, na leo Meza yenyewe imemkataa huyu. Nilimwona Grace amejishika kichwa. Nami nikakumbuka maneno ya Daktari, nikamuuliza mama aliyekaa mbele yangu mle kikombeni mnatia nini. Akanijibu divai, ya Dodoma, safi.

Nilitoka mbio, nikapanda bodaboda. Daktari Raphaeli nilimkuta baa ya stendi, nyama iko mbele yake na bia iko mkononi. Nikamwambia mtu wako amekunywa divai kanisani na sasa amegeuka pilipili.

"Divai?" akasema. "Kwani wanapewa? Si mkate tu?"

Nikamwambia unaniuliza mimi? Kumbe Daktari ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, na kwao kikombe ni cha padri, waumini wanapokea mkate na kurudi kukaa. Katika onyo lake refu la dawa za kikohozi na manukato, kikombe cha kanisa hakikumjia kabisa. Mimi pombe za dini za watu ningezijulia wapi? Mchungaji kikombe alikijua, kidonge hakujua kwamba kinamezwa. Aliyevijua vyote viwili alikuwa Osward peke yake.

Tulimkuta amelazwa kwenye benchi katika ofisi ndogo ya Mchungaji. Daktari akampima mapigo, akamnywesha maji, akasema bahati yake ni kwamba mvuto ulikuwa mmoja, apumzike itapita. Onyo lake lenye tundu akaliruka. Ofisini tulikuwa Mchungaji, Roda, Grace, Jairo aliyebaki na fulana, na mimi. Mchungaji akamwangalia Daktari, akauliza amejuaje shida ni nini kabla hata hajaulizwa. Mimi nikawa nautazama mtandio wangu.

"Ni kidonge, Mchungaji," Osward akasema akiwa amelala. "Nakimeza kila asubuhi kwa Mama Naila. Divai nilijua ni divai. Lakini nilisema damu ya Bwana haiwezi kunidhuru, na nikikataa kikombe mtasema nimerudia dhambi."

Mchungaji akamgeukia Roda, uso umemkauka. Akamkumbusha ahadi. Roda akajifuta machozi, akasema yeye aliahidi vidonge havitaingia nyumbani kwake, na havijawahi kuingia. Kisha akanitazama.

"Mama Naila, mume wangu ana birika lake la chai nyumbani, lakini alfajiri anavuka barabara kunywa kwako. Ulidhani sioni? Nilijua ni kidonge au ni wewe. Nikaomba iwe kidonge."

Kama si hali ya mgonjwa ningecheka mpaka chini. Yahaya nilipomhadithia baadaye alicheka kwa niaba yangu wiki nzima.

Jairo hakucheka. Alisema mambo sasa yako wazi. Ushuhuda wa maombi matupu ulikuwa uongo, na kikombe kimetapikwa, maana yake huyu hajarudi. Harusi ni Jumamosi, yeye yuko tayari kulibeba jukumu, suti itafuliwa. Mchungaji akaonekana kuelemea upande wa Jairo. Daktari akaona nafasi, akasema jibu ni rahisi: sayansi imefanya kazi, kanisa liache divai yake. Mchungaji akasema jibu ni rahisi kweli: mtu aache kidonge, amtegemee Mungu. Wakaanza tena, juu ya kichwa cha mgonjwa. Grace alikuwa ameushika mkono wa baba yake kwa mkono wake, ule uleule uliokuwa unagombewa.

Osward akajiinua kwa kiwiko.

"Nisikilizeni, wazee wangu. Nikiacha kidonge nitakunywa, najijua. Lakini kidonge hakijimezi. Kila alfajiri nikitoka kwangu, mkono huu kuna duka, viroba vinaning'inia mlangoni. Mkono huu kuna Mama Naila na kopo lake. Kidonge cha jana kinaisha nguvu polepole, naweza kukiacha siku chache nikanywa, hakuna atakayejua. Kuna asubuhi nasimama katikati ya barabara mpaka malori yananipigia honi. Anayenivusha pale si Daktari. Daktari wakati ule amelala."

Nilikuwa nimemwona amesimama barabarani hivyo asubuhi nyingi. Nilidhani anaangalia malori. Moyo uliniuma sana, na niliona aibu kwa yale mambo ya magego niliyokuwa nawachekea madereva.

Daktari akavua miwani. Alisema, kwa sauti nisiyoizoea kwake, kwamba wagonjwa wengine aliowapa kidonge kile wengi waliishia njiani. Kidonge hakikushindwa, waliacha kukimeza, na yeye hakuwahi kujua cha kuwafanya. Mchungaji akasema yeye naye amewaombea wengi wakasimama vizuri Jumapili, na Jumatano akawakuta baa. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza watu wale wawili kukubaliana, na walikubaliana kwa kushindwa.

Halafu Mchungaji akanigeukia mimi, akaniuliza kama najua kutengeneza sharubati ya zabibu.

Najua, nani asiyejua? Zabibu kavu unazichemsha, unaziponda, unachuja. Jairo akapinga, akasema tangu lini Meza ya Bwana ikapikwa na Mwislamu. Mchungaji akamuuliza kama anaifahamu dini ya yule anayechuma zabibu za Dodoma. Mimi niliwaambia kwangu ile ni sharubati tu, ikishavuka mlango wa kanisa ni shauri yao.

Jumatano, kwenye ibada ya jioni, Osward alipiga magoti tena akapokea kikombe cha sharubati mbele ya watu. Wote walimtazama kama unavyotazama maziwa jikoni. Nyimbo mbili zikaisha, tatu zikaisha, shingo ikabaki rangi yake. Jumamosi akamshika Grace mkono, akatembea naye kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, polepole mno, mpiga kinanda akaurudia wimbo kuanzia mwanzo. Wakwe wa Mbebe walidhani ni heshima ya Wanamwanga, kabila la akina Osward. Mimi nilijua kwamba hataki kufika.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini miezi ilipita ikafika Meza ya Bwana nyingine, na Mchungaji akaniagiza tena sharubati, kidogo tu, ya mtu mmoja. Mimi mkono wangu haujui kupika kidogo. Nikapeleka chupa nzima ya chai imejaa sharubati, nikamimina kikombe chake, nikasimama mlango wa pembeni kungoja. Mchungaji akatangaza kwamba kulia ni divai, kushoto ni kikombe kingine, na anayekwenda kushoto haulizwi sababu.

Osward akainuka, akaenda kushoto peke yake. Watu wakageuza shingo. Kisha akainuka kijana mmoja wa kwaya, mmoja wa wale waliosema habari za kiroba. Akafuata mama mmoja wa maombi, ameinamisha kichwa. Akafuata mwanaume nisiyemjua, kisha wawili kwa pamoja. Mchungaji akawa anakiinamisha kikombe zaidi na zaidi. Mtu wa mwisho alipofika mbele yake kikombe kilikuwa kikavu, na mtu huyo alikuwa Jairo, amevaa suti ya krimu yenye doa kifuani ambalo hakuna dobi aliyeliweza.

Mchungaji akageuka akautazama mlango wa pembeni. Nilivua viatu kwa mazoea ya kwetu, nikaingia na chupa yangu, nikakijaza kikombe. Nilipokuwa namimina nilikuwa karibu na Jairo kiasi cha kusikia harufu ya karafuu, na chini ya karafuu nikasikia kile ambacho karafuu zilikuwa zinakificha miaka yote.

Jumatatu alfajiri Osward alivuka barabara kama kawaida yake. Nyuma yake, akitazama kulia na kushoto kama mtu anayevuka mpaka bila kibali, alikuja kaka yake. Hakuagiza kitu. Alisimama karibu na benchi, mikono ameificha mfukoni, na hata mfukoni niliiona inatetemeka. Osward akasogea kumpa nafasi.

"Kaa, kaka," akamwambia. "Daktari anafika saa mbili. Tutakunywa chai tukimngoja."

Jairo akatema karafuu, akakaa. Nikamimina chai mbili.